Muzee Védaste Aliyengoja Kukabidhi Santrali

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliokaa nasi katika matanga haya hapa Katoyi, mjini Goma, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu Baharanyi Zihindula Védaste, aliyezaliwa Kabare tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa Papa Zihindula na Mama Laurence, wote marehemu.

Shule ya msingi aliisomea kwenye parokia ya kwao, akapata diploma ya ufundi wa umeme mjini Bukavu mwaka 1979, na tarehe 3 Oktoba 1983 akaajiriwa hapa Goma katika santrali ndogo ya umeme iliyotumia mafuta ya mazutu, ile iliyokuwa ikiunguruma upande wa Mapendo, ambayo moshi wake mama zetu waliutukana kila walipoanika nguo, lakini giza likiingia na taa zikiwaka waliusamehe. Alimwoa Mama Séraphine tarehe 12 Julai 1986, Mungu akawajalia watoto wawili, Fiston anayeishi Kinshasa, na Aurélie mnayemwona pale karibu na sanduku la baba yake.

Tarehe 30 Juni 2019 santrali ilifungwa, kwa kuwa umeme wa maporomoko ya maji ulikuwa umeshafika mjini na mazutu hayakuwa tena na faida, wafanyakazi wakaagwa, mashine zikazimwa, naye direkta, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akamwambia, "Muzee Védaste, ubakie kwanza, tutatuma mutu mutafanya naye remise et reprise." Sote tunajua jambo hilo katika nchi yetu, anayetoka humkabidhi anayeingia kila kitu mbele ya mashahidi, na asiyefanya hivyo jina la mwizi humfuata yeye hadi wajukuu wake, basi kaka yetu akabaki, na mtu huyo hakuja.

Hakuja mwaka ule wala uliofuata. Volkano ilipotapika tarehe 22 Mei 2021 na watu wakakimbilia Sake, yeye alibaki ndani ya lango, na vita vilipoingia mjini Januari 2025 alilala kifudifudi kando ya mashine zisizowaka. Mama Séraphine alimpelekea chakula kila siku, akimsihi warudi Kabare kulima, naye alijibu, "Nikitoka, nitasema niliachia nani?" Wahenga walisema subira huvuta heri, ya kaka yetu ilivuta kutu, nasi tukamtania kwamba yeye ni direkta jenerali wa panya, akacheka pamoja nasi, lakini kila gari lililopunguza mwendo mbele ya lango lilimfanya afunge vifungo vya shati na kusimama wima, kwa maana aliyetamani zaidi ya wote atoke pale ni yeye mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 2025 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wakaona figo zimechoka, akalazwa tarehe 2 Novemba. Siku moja kabla ya kutuacha alimshika Aurélie mkono na kumwambia, "Mutoto wangu, utalinda mupaka watakuja," na Aurélie, kwa kuwa anayekufa hakataliwi, alijibu, "Ndiyo, Papa." Kaka yetu alifariki tarehe 16 Novemba, na tangu hapo mtoto huyu hali wala halali, anaogopa kukwama mahali baba yake alipokwama, anaogopa pia kumdanganya marehemu, maana ahadi ni deni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta makaa, maji na viti, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliobeba sanduku. Walioahidi kutuma mtu hatuwashukuru, hatuwaoni hapa.

Aurélie, simama. Mbele ya baba yako na mashahidi hawa wote, sisi wadogo zake tunaipokea kazi hii ya kulinda santrali kutoka mikononi mwako, na itakomea kwetu, hatutamkabidhi mtu mwingine yeyote, wewe utafuatana na mama yako hadi Kabare.

Kaka, umeshakabidhi. Toka sasa, upumzike kwa amani.