Alhamisi za Purity Kagwiria Gitari

Marehemu Purity Kagwiria alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 kijijini Ruiri, Meru, bintiye Mzee Kirimi na Mama Ciakuthii. Akiwa darasa la nne alichota mafuta ya kupikia ya mamake akapaka gurudumu la wilbaro iliyokuwa ikipiga kelele. Jioni githeri, mahindi na maharagwe, ililiwa bila kukaangwa. Alipogombezwa alijibu, "Lakini sasa hailii."

Alisoma papo hapo Ruiri hadi kidato cha nne, mwaka 2002, kisha akasomea ufundi wa mitambo Meru mjini, msichana pekee darasani.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika kiwanda cha chai hapa Embu. Alikuta mashine za kukaushia hazishughulikiwi mpaka zife. Aliomba zizimwe kila Alhamisi, zisafishwe na kutiwa grisi, na meneja wa wakati huo akakubali. Msimu ulipofika hazikukwama, na kuni zilizochomwa zilipungua.

Tarehe 10 Desemba 2011 alifunga ndoa na Mwalimu Gitari wa Kianjokoma. Wakwe walimtania bwana arusi kwamba mlango wake hautawahi kulia tena. Haukulia.

Sasa kinachouma nacho kisemwe. Katika mkutano wa wakulima wa mwaka 2019, mkurugenzi mmoja aliuliza, "Mashine inatembea poa, tunaizima ya nini na majani yanalala bai senta yakingoja kuchukuliwa?" Wengi mlioketi hapa mlipiga makofi. Alhamisi ikafutwa, Kagwiria akahamishiwa stoo kugawa glavu na mabuti.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya matiti. Aprili iliyofuata, majani yakiwa tele, mashine kubwa ilikufa na chai yenu ikaoza sakafuni. Waliokataa kuziba ufa walimfuata stoo, naye alikuwa ametoka kwa matibabu juzi yake tu. Aligusa beringi iliyoungua kwa kukosa grisi, akasema, "Hii haijakufa leo. Imelia miaka mitano, hamkutaka kusikia." Akaitengeneza mashine. Kesho yake alirudishwa stoo.

Alituaga nyumbani tarehe 28 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Amewaacha Mwalimu Gitari, watoto Wawira na Bundi, mama yake, na kaka yake Kinoti.

Mwenyekiti wa bodi ametangaza kwamba kiwanda kimezimwa leo kwa heshima yake. Tumesikia. Leo ni Alhamisi. Mafundi mliobeba jeneza, mkitoka hapa msiende kula. Mashine zimepoa, nendeni mkazitie grisi.

Naye Kagwiria apumzike kwa amani, ambayo kwenu hakuipata.