Uvimbe wa Kapteni

Ndege yupi aliugua kwanza, hakuna aliyejua wakati ule, na mpaka leo hajulikani. Kinachojulikana ni kwamba Alhamisi moja asubuhi Compton alifika kwenye benchi la kando ya mfereji, akapakata tundu la ndege wake badala ya kulitundika mtini pamoja na ya wenzake. Wanamwita Hamsini, kwa sababu kwenye mashindano ya Jumapili ndege wake Kapteni hutangulia kufikisha milio hamsini. Siku hiyo Kapteni alikuwa kimya. Uvimbe kama punje ya mtama ulimziba jicho moja, na mwingine ulikuwa umeota kidoleni.

– Jicho baya hilo, alisema Mjomba Boysie, akipuliza kahawa. Yule mgeni wa mkoa wa Berbice alimkodolea macho shindanoni Jumapili nzima.

– Hata mimi nilimkodolea, alisema Shivlall.

– Wewe huna jicho, una miwani.

Shivlall ndiye Kinyozi wao. Huwapunguzia ndege wote kucha, bure, kwa kijembe kimoja anachokifutia kwenye suruali. Boysie alitoka kwenye jicho akaingia kwenye mbegu mbovu, kisha kwenye mnara wa simu: ndege, alidai, humeza mazungumzo ya watu, na maneno yasiyopata pa kutokea huvimba.

Compton hakucheka. Kapteni alilelewa na marehemu mke wa Compton, na tangu msiba mlio wake ndio uliokuwa ukimwamsha mume huyo kila asubuhi.

– Kata uvimbe, Kinyozi. Shindano la Jumapili silitaki. Nataka jicho lake lipone.

Kijembe kilikuwa tayari kimetoka mfukoni. Ondine, muuguzi wa mifugo aliyehamia mtaani wiki ile, alisogea na kikombe chake. Akawaeleza taratibu kwamba virusi huotesha uvimbe wa namna hiyo, hubebwa na mbu na pia kwa damu, na kuukata ni kuvisambaza. Kapteni akiachwa atulie, huenda akapona. Kisha akauliza:

– Kaka, kijembe hicho mara ya mwisho kilikata kucha za ndege gani?

Kinyozi alitazama matundu saba mtini, moja likiwa lake. Hakukumbuka.

– Labda ni mbu tu, alisema Compton kwa upole. Usijitese, ndugu yangu.

Kahawa ikapoa. Wakakubaliana kwamba hakuna tundu litakaloletwa pale, wala shindano litakalofanyika, mpaka ndege wote wamalize miezi miwili bila uvimbe, na Kapteni akae ndani ya chandarua. Kinyozi, ambaye Jumapili iliyofuata, Kapteni akikosekana, angeshinda bila mpinzani, ndiye aliyeng'oa nguzo za kutundikia matundu siku ya mashindano. Jioni akabisha hodi kwa Compton, amebana chandarua kwapani, kile cha kitanda chake mwenyewe.