Punje ya Kung'ata

Sikusikiliza makusudi, ila redio ya gari letu, Noah ya abiria ya kutoka Usevya, ilikuwa mbovu. Kwenye siti ya mbele yangu dada mmoja alikuwa anamweleza mzee asiyemfahamu kwamba Jumamosi huenda akakosa kazi. "Mashineni kwetu Majimoto bosi mpya kaweka ubao," alisema. "Kila mkoboaji na magunia yake ya siku. Mimi Scola ndio wa mwisho, wiki ya pili sasa."

"Kumbe Scola ndio wewe?" mzee alishangaa. "Mchele wako haukatiki, mwanangu. Mke wangu hataki wa mwingine."

"Kwa sababu mpunga naung'ata kwanza, baba. Mkavu unalia ka, nakoboa. Mbichi haulii, na ukiukoboa unatoka chenga tupu, kwa hiyo namrudisha mtu akaanike tena. Bosi anasema huyo ni gunia nimelipoteza."

"Mwambie apime chenga pia, aziandike ubaoni."

"Nilimwambia. Kasema ubao umejaa."

Niliuona ubao huo baadaye. Nafasi ilikuwepo.

Mzee alifungua kiroba kilichokuwa miguuni pake, akampa punje moja ya mpunga. "Basi nijaribie wa kwangu." Scola aliitia mdomoni, akaing'ata. Sikio langu lilikuwa karibu kabisa na shavu lake, na sikusikia mlio wowote.

Gari lilisimama mbele ya mashine.

"Umekauka?" mzee aliuliza.

Scola alitazama ubao uliokuwa mlangoni mwa mashine, kisha akatazama kiroba. "Umekauka, baba," alisema. "Shusha."