Salamu za Kinyozi kwa Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguza moto chini ya sufuria, vuta kiti, maana leo tunaye mtu wa kumkumbuka. Tunamkumbuka Mama Pindo, fundi cherehani, mwanzilishi wa sare za shule za Kua Nayo. Mama Pindo ametutoka wiki hii baada ya kuugua kwa muda mfupi, na jana alizikwa pembeni ya mumewe. Jina la Mama Pindo alipewa na majirani. Lilimkaa vizuri hata watoto wake wakawa wanamwita hivyo.

Kama uliwahi kuvaa sketi au suruali ya shule yenye kitanzi kidogo cha njano ndani ya pindo, basi mkono wake umekugusa. Ukikivuta kile kitanzi, mshono wote unafumuka mara moja, pindo linashuka, nguo inarefuka. Mtoto anakua, na sare inakua naye. Hiyo ndiyo Kua Nayo. Mimi niliivaa, na nilikuwa mrefu kama mlingoti tangu darasa la nne, kwa hiyo najua ninachosema.

Yote yalianza na magoti ya binti yake mkubwa. Asubuhi ya leo nilimtembelea karakanani kwao, akaniambia hivi: "Mwalimu alinirudisha nyumbani. Alisema sketi imekuwa fupi. Kitambaa kingine hatukuwa nacho. Mama akanitazama juu mpaka chini, akasema, sketi haina kosa, ni wewe unayerefuka, na hilo siwezi kulizuia."

Sasa, fundi yeyote anajua kushusha pindo. Lakini kuna shida mbili. Ya kwanza, kufumua kwa wembe kunachosha na kunachana kitambaa. Ya pili ni mbaya zaidi. Jua halifiki ndani ya pindo. Sketi yote inapauka, pale ndani panabaki peusi kama siku ya kwanza. Ukilishusha, mtoto anakwenda shule na mstari mweusi chini, na watoto wenzake wana macho na wana midomo.

Mama Pindo alizitatua zote mbili. Shida ya kwanza aliitatua kwa uzi, ule mshono wa kitanzi. Shida ya pili aliitatua kwa rangi. Alikitengeneza kitambaa cha pindo kabla ya kukishona, ili siku kitakaposhuka kifanane na nguo iliyokwisha kuvaliwa. Alikitengenezaje? Msiniulize. Sijui, na ningejua nisingewatobolea. Shikeni haya mawili tu: uzi na rangi.

Tuje kwa mumewe. Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa mlango wa pili kutoka karakana. Watu walimwita Tangazo. Habari ikikalia kile kiti chake asubuhi, jioni imeshazunguka mtaa mzima na kurudi imenenepa. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiye na choyo, lakini kifua hakuwa nacho. Na alimpenda mkewe kiasi kwamba wateja walinyolewa huku wakihesabiwa sifa zake.

Basi siku moja, shule zikikaribia kufunguliwa, Tangazo akapiga simu kwenye kipindi cha salamu. Kipindi cha kituo hikihiki, wasikilizaji. Akamsalimu mkewe. Akamsifu. Na katika kumsifu akaueleza ule mshono wa uzi, tangu sindano inapoingia hadi kitanzi kinapotoka. Hakuacha kitu. Mtangazaji wa siku hizo alimsikiliza kwa furaha, na nchi nzima ikasikiliza naye.

Aliyekuwa hasikilizi ni Mama Pindo. Yeye alikuwa anakusanya karatasi za kuomba hataza. Hataza ni haki ya mbunifu: aliyebuni anaweza kuwazuia wengine wasitengeneze alichobuni mpaka wakubaliane naye. Lakini ina sharti. Kitu kiwe kipya. Kisiwe kimekwisha kuanikwa hadharani kabla ya maombi. Mama Pindo akapeleka maombi yake akijua kwamba kitu chake ni kipya. Mumewe alikuwa amekianika redioni, na hakuona hata sababu ya kumwambia.

Haukupita muda, kiwanda kikubwa cha nguo kikaanza kuuza sketi za kuvuta uzi. Mama Pindo akalalamika. Kiwanda kikajibu kwamba yeye hana haki yoyote. Wakaitwa wote mbele ya ofisa wa usajili. Hapo karakana yenyewe ndiyo ilikuwa hatarini, pamoja na wale kina mama waliokaa kwenye cherehani zake kila siku. Kiwanda kikishona nguo ileile kwa mashine zake kubwa, nani angekuja tena mlangoni kwake?

Binti yake yule mkubwa alikuwepo. Anasema chumba kilikuwa na meza ndefu, feni inayolialia, na redio ya kaseti iliyowekwa juu ya mafaili. "Wakili wa kiwanda akabonyeza. Ikatoka sauti ya baba. Baba mwenyewe amekaa pale, kofia mkononi. Kwanza akatabasamu, maana sauti yake aliipenda. Halafu akaelewa."

Ofisa alikuwa muungwana. Alimwambia Mama Pindo kwamba kazi yake ni nzuri, lakini hataza haitawezekana. Jambo limeshasemwa mbele ya watu. Uzi umekuwa wa kila mtu.

Wakatoka. Kwenye ngazi Tangazo akashuka nyuma ya mkewe, kofia bado mkononi. Mdogo wake Mama Pindo alikuwa anawasubiri chini, na aliposikia yaliyotokea akamtazama shemeji yake kwa jicho kali. Akasema, "Dada, ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Pindo akamjibu palepale. "Huyu hanili. Huyu ananisifu, basi." Kisha akamgeukia mumewe. "Umewapa uzi. Rangi hukuwapa."

Tangazo akauliza, "Rangi gani?"

Wasikilizaji, kinyozi alikuwa hajui. Alilala nyumba moja na siri ile miaka yote, na hakuwahi kuijua. Baadaye Mama Pindo alimweleza binti yake, na binti amenipa ruhusa niseme: "Ya uzi nilimwambia, maana ndiye aliyenishikia kitambaa nikijaribu. Ya rangi sikumwambia. Nampenda, lakini namjua."

Alinuna? Alinuna, siku mbili tatu hivi. Halafu akarudi kibandani na sifa mpya. "Mke wangu," aliwaambia wateja, "ana siri ambayo hata mimi siijui." Wateja wakachoka upya.

Mama Pindo hakukaa chini kulia. Alirudi kwenye jengo lilelile, dirisha jingine. Akasajili jina la Kua Nayo na kitanzi cha njano kuwa alama ya biashara yake, ili mtu mwingine asishone kitanzi hicho na kujiita yeye. Na rangi je? Rangi hakuiombea hataza, maana kuomba hataza ni kueleza, na yeye hakutaka kueleza. Aliifanya siri ya biashara. Siri ya biashara haina cheti ukutani, wasikilizaji. Inalindwa kwa mlango na kwa ahadi. Akajenga chumba cha nyuma, chenye mabeseni na kamba za kuanikia. Aliyeloweka hakushona, aliyeshona hakuloweka, na kila mmoja alitia saini kwamba ya chumbani yatabaki chumbani.

Mpiga pasi wake wa siku nyingi bado yupo. Anacheka akikumbuka. "Watu wa kiwanda walinifuata mpaka nyumbani. Wanaulizia rangi. Nikawaambia, jamani, mimi napiga pasi. Mkitaka kujua joto la pasi, kaeni niwaambie."

Na sketi za kiwanda zilifika wapi? Zilifika mwaka wa pili. Wazazi wakavuta uzi, pindo likashuka, na ule mstari mweusi ukashuka nalo. Watoto wakazibatiza sketi za punda milia. Jina likashika. Mwisho meneja wa kiwanda akaja mwenyewe karakanani. Viti vyote vilikuwa na watu, akapewa kigoda karibu na mabeseni, na suti yake nzuri. Mama Pindo hakumdhihaki. Alimwambia, "Uzi ni wenu, mliusikia redioni. Rangi ni yangu. Jina ni langu. Kitanzi ni changu. Tuanzie hapo."

Wakaanzia hapo. Kiwanda kikapata leseni ya kushona Kua Nayo. Kila nguo ilitoka na kitanzi cha njano, na kila kitambaa cha pindo kilipita kwanza chumba cha nyuma cha Mama Pindo. Hakuna mama hata mmoja aliyeondoka kwenye cherehani yake kwa kukosa kazi. Ilibidi waongeze chumba.

Tangazo alifariki kabla ya mkewe. Baada ya mazishi, Mama Pindo alikuja hapa kituoni. Meneja wetu akashtuka, akadhani amekuja kutushitaki kwa ile kanda ya zamani. Kumbe amekuja kuiulizia kama bado ipo. Sauti nyingine ya mumewe haikuwahi kurekodiwa popote. Fundi mitambo wetu akaitafuta, akaipata. Mama Pindo akasema, "Kanda ni yenu, maneno ni ya mume wangu. Tuandikiane." Wakaandikiana. Sisi tuitunze, tusiitumie bila idhini ya familia, na yeye aje aisikilize anapotaka.

Alikuja kila mwaka. Fundi mitambo ananiambia alikuwa anavaa vifaa vya masikioni, anafumba macho, anatulia tuli. "Mwishoni kabisa ndipo anacheka," anasema. "Anacheka mpaka anafuta machozi. Halafu anasema asante, anaondoka." Sauti yenyewe fundi mitambo hakuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Aliona si haki yake.

Kwa niaba ya kituo hiki nawapa pole wafiwa wote: binti zake, mdogo wake, wajukuu, na kina mama wa karakana ambao leo wamefunika cherehani zao. Mungu awape subira. Tumepoteza mtu.

Na wewe unayenisikiliza, unashona, unachonga, unapika, unabuni. Jiulize kitu chako kinalindwa na nini. Mama Pindo aliwaambia wanafunzi wake maneno haya: "Ukibuni kitu, kisajili kwanza, ndipo umruhusu anayekupenda akisifu." Wanafunzi walicheka, lakini walisajili. Halafu jiulize na la pili. Yupo nani anayekusifu mahali ambapo wewe hupo? Ukimjua, mshike vizuri, hata kama hana kifua.

Binti mkubwa ametupa idhini asubuhi ya leo. Kwa maandishi, bila shaka. Mama yake asingekubali vinginevyo. Ya uzi mnayajua, kwa hiyo tunakupigieni mwisho tu wa simu ile. Utamsikia kwanza mtangazaji wetu wa zamani, halafu utamsikia kinyozi.

"Haya mzee, nakushukuru kwa salamu zako. Na mama mwenyewe anajua kama umepiga simu?"

"Hajui. Yupo kwenye cherehani, redio ameizima. Lakini siku akinisikia, namjua mke wangu, atacheka."