Sifuri za Norbert

Benchi lililo nje ya duka la chambo la Delmar, huko kaskazini mwa Wisconsin, linaitwa benchi la waongo, na hakuna anayelionea aibu jina hilo. Kahawa iko kwenye chupa kubwa, minyoo ya kuvulia iko friji moja na soda, na mdomo ni wa kila mtu. Delmar mwenyewe wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Wendell, mstaafu wa kiwanda cha mbao, wanamwita Msumeno. Ardis hana jina la utani. Ni mjane wa Norbert, yule aliyepima maji ya Ziwa Halvorson kwa kujitolea hadi alipofariki, malipo yake fulana tu. Mwezi huu kituo cha utafiti kinapanga vipimo vyote vya ziwa vihifadhiwe kwa utaratibu mmoja unaofuatwa dunia nzima, na Ardis alitaka kitu kimoja: jina la mumewe liingie humo bila doa. Ndiyo maana Redio alipotandaza benchini karatasi ya vipimo aliyoipata kituoni, Ardis aliisogelea haraka.

— Sifuri! alisema Redio. Oksijeni ya chini ya ziwa aliyoandika Norbert, kiangazi kizima cha mwaka mmoja wa zamani, sifuri. Juni, Julai, Agosti. Ziwa lilikufa, na sisi tunaogelea tu!

— Mungu wangu! Ardis akashika kifua. Na Norbert asiniambie?

— Mimi nilijua, alisema Msumeno. Ni boti ya yule daktari wa Chicago. Injini kama ya ndege. Ilivuta hewa yote.

— Boti ivute hewa ya chini ya ziwa? We Msumeno, vumbi la mbao limekuingia kichwani. Ni barafu ile. Mwaka ule iligoma kuyeyuka, ziwa likakosa pumzi.

— Mpaka Agosti?

— Ilibaki huko chini.

— Barafu inaelea, mazee!

— Ile ilizama.

— Acha kamba zako. Basi nikwambie ukweli. Kule chini kuna dude, samaki mkubwa kama basi la shule. Linavuta pumzi peke yake, wenzake wanabaki midomo wazi.

— Umeliona wapi?

— Ningeliona ningekuwa hapa?

Ardis hakucheka. Mambo ya Norbert hayakuwa ya kuchezewa.

— Shemeji, usikasirike, alisema Redio, safari hii kwa upole. Ila hili si la mchezo. Jimbo linataka kutuletea vifaranga vya trauti, wale samaki wa maji baridi. Wakizisoma hizi sifuri, hawaleti hata kimoja. Watasema ziwa letu lina tabia ya kufa.

Gari la kituo likasimama mbele ya duka, akashuka binti mmoja na kompyuta yake kifuani. Ni Tamsin, mgeni wa mwaka huu, ndiye anayepanga hivyo vipimo.

— Hamjambo wazee. Mama Ardis, nilikuwa nakutafuta. Nina swali dogo tu.

— Uliza, mwanangu.

— Siku hizi kila namba lazima iende na maelezo yake. Nani alipima, wapi, kwa kifaa gani. Mzee ameandika yote. Ila hizi sifuri hakuzieleza. Alipima akakuta hakuna hewa, au hakupima kabisa? Maana zamani wengine walikuwa wanajaza sifuri siku ambayo hawakwenda.

Hapo Ardis akacheka, tena kwa dharau kidogo.

— Hakwenda? Norbert? Kiangazi kile ndio hakukosa hata siku! Giza halijatoka, yeye huyo. Kanyoa ndevu, shati nimempigia pasi mwenyewe, anaaga anakwenda ziwani.

— Shati la pasi? Kupima maji? Lilimtoka Msumeno kabla hajajizuia.

Redio alikuwa bado na mambo yake.

— Ndio nashangaa na mimi. Mbona kiangazi kile ndipo nilipomvua yule trauti niliyemkausha nikamtundika ukutani dukani? Chini kabisa, tena nilitoa wengi. Wazima, wanapiga mikia, wana...

Akanyamaza katikati ya sentensi. Hajawahi.

— Kumbe! Tamsin alifurahi, maskini. Basi ziwa lilikuwa zima, na sifuri ni za kujazia tu! Trauti hakai pasipo oksijeni. Nazitoa sifuri, naweka alama ya kwamba haikupimwa, na vifaranga vyenu vitakuja.

Akabonyezabonyeza kompyuta.

— Imebaki sehemu ya sababu tu. Kwa nini hakupima?

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Msumeno akainama kufunga kamba za kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Ardis aliwatazama wote wawili. Alikuwa akiyakumbuka yale mashati, moja moja, na jinsi alivyokuwa akiyanyoosha kola kwa bidii, kumbe aliyekuwa akimngoja Norbert si ziwa. Alimwonea haya binti, akawaonea haya hawa wazee wawili, na zaidi alijionea haya mwenyewe.

— Mama? aliita Tamsin.

— Andika alipima.

— Lakini mama, huyu mzee anasema samaki...

— Andika alipima! Ziwa lilikufa.

— Nikiandika hivyo vifaranga havitaletwa.

— Basi visiletwe, alisema Ardis.