Anyesi Chilongani, Aliyetaka Sera Ipimwe Kiangazi

Mpendwa wetu Anyesi Ernest Chilongani, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa hapa Chisaligo, mtoto wa pili wa Mzee Ernest na Mama Evodia. Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1976, akaendelea na sekondari mjini Dodoma, na mwaka 1994 alihitimu shahada yake Morogoro. Alikuwa mbishi tangu udogoni, na wala hakuwahi kuutubu ubishi huo.

Mwaka 1997 alifunga ndoa na Mwalimu Noeli Mazengo. Wazee walipokuwa wakipatana ng'ombe wa mahari, sauti ya bibi harusi mwenyewe ilisikika kutoka jikoni: "Baba, hao wote watalishwa wapi mwezi wa kumi?" Watu walicheka, lakini nusu ya ng'ombe walipelekwa kwa jamaa wakatunzwe huko.

Wakati huo alikuwa tayari afisa mazingira serikalini. Kazi yake ilikuwa kupima athari za sera kwa ardhi, maji na misitu wakati sera ingali rasimu, kabla wakubwa hawajaitia sahihi. Wengi waliona anachelewesha mambo. Yeye alisema, "Nguo hupimwa kabla ya mkasi," akaendelea kunywa chai yake.

Mwaka 2021 ilitoka rasimu ya sera ya mifugo, yenye ahadi ya visima virefu katika vijiji vingi vya kanda ya kati, Chisaligo kikiwemo. Waandishi wake walitembelea hapa mwezi Machi, nyasi zikiwa kiunoni, wakaridhika. Anyesi alikataa kukamilisha tathmini mpaka warudi Oktoba. Hapo nyumbani pakawaka moto. Kaka yake, Filipo, alimpigia simu: "Mdogo wangu, wewe bomba liko ndani, sisi unatunyima kisima?"

"Shikamoo kaka," alijibu. "Kisima mtapata. Sitaki kije kuwaletea ng'ombe wa wilaya tatu, wamalize maji na malisho yenu."

Filipo alikata simu, na hata kwenye harusi ya Erica, binti wa marehemu, hakuja. Anyesi alilia mbele yetu, lakini hakurudi nyuma. Oktoba aliwaleta waandishi wale wakalala hapa, wakaona vumbi tupu na makundi yakigombea dimbwi moja. Rasimu ikabadilishwa: kisima cha watu kikatengwa na cha mifugo, na kila kijiji kikapewa mamlaka ya kupanga ng'ombe wangapi wanyweshwe. Chetu kilichimbwa mwaka 2023, na maji ya msiba huu yametoka humo.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Dodoma, akiwasahihishia vijana wa ofisini rasimu zao akiwa kitandani, hadi Bwana alipomwita tarehe 9 Oktoba 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Erica na Methodi, wajukuu watatu, na kaka yake Filipo. Tulikuwa tumepanga kumzika mjini. Filipo alifika kwa Mwalimu Noeli, akasema: "Shemeji, mdogo wangu anazikwa kwetu. Kaburi nimeshachimba."

Pumzika salama, Anyesi, katika udongo wa kwenu.