Mizinga ya Mwalimu Gennadi

Hapa Berbera jua halina adabu, kwa hiyo sisi wazee huliwahi benchi la Hodan muuza chai asubuhi, chai yake ya maziwa ya ngamia ingali inachoma ulimi. Miaka ile ya Mrusi naililia waziwazi: tulikuwa vijana, na wakubwa wa dunia wanatubembeleza. Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, Hersi Redio ajuaye hata habari za kesho, na Samatar, tunayemwita Odesa kwa kuwa alisomea mizinga ya vita katika mji huo wa Kisovieti. Pembeni alikaa dereva wa lori, mgeni, akisubiri gurudumu lake lizibwe.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Hersi akaanza. Mrusi tulimpa jembe, akatuchimbia bandari.

— Na uwanja wa ndege, nikasema.

— Alipoondoka, Mmarekani akapanga humo humo. Na wale wawili hawakuwahi kupigana hata kofi. Unajua kwa nini?

— Tuambie.

— Walikuwa na simu yao. Mmoja anapiga: leo nachukua Wasomali, wewe chukua Wahabeshi. Mwakani tubadilishane.

— Acha kamba, Hersi.

— Wallahi. Hata mwezi waligawana. Upande huu wa mbele wa Mmarekani, wa nyuma wa Mrusi.

— Kunywa chai, mzee, Hodan akamwambia. Njaa hiyo.

Samatar akacheka.

— Mimi simu siijui. Namjua Gennadi. Miaka miwili alinifundisha, mkewe akanipa kofia ya manyoya nisife kwa baridi. Nimemkumbuka sana yule bwana.

— Mwambie mgeni ya mlimani, nikamchokoza.

— Sabini na saba tuliwafukuza Warusi, wakahamia kwa adui yetu, Mhabeshi. Siku moja tuko mlimani karibu na Jijiga, makombora yakaanza. La kwanza liliangukia mbele yetu, la pili likatupita, la tatu katikati. Kisha kimya. Nikasema, huyu ni Gennadi. Hapigi la nne bila kuwasha sigara. Alipokuwa akivuta, nikawahamisha vijana wangu tisa. Wote walirudi kwa mama zao.

— Mvumilivu hula mbivu, Hersi akasema.

Tukacheka, kama tunavyocheka kila tukisimuliwa. Dereva hakucheka.

— Na nyinyi mlijibu, mzee?

— Tulijibu. Nilielekeza mzinga mwenyewe.

— Mwalimu wako akapona?

Nimekaa na Samatar benchi hili miaka ishirini, na kisa hicho nakijua kuliko majina ya wajukuu zangu. Swali hilo sikuwahi kumuuliza. Nilimtazama Hersi anisaidie, naye alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Niliona aibu.

Samatar aliishika bilauri kwa mikono miwili.

— Sijui, akasema. Upande wao ulinyamaza.

Kisha, bila kumtazama yeyote:

— Darasani kwake, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwa shabaha.